Japani: Mawaziri Wakuu Hupita, Chama Hubaki

Agosti 2025, mkutano wa tisa wa TICAD ukiendelea Yokohama, JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa maendeleo, lilitangaza kuiunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika. Tanzania iliangukia Nagai, mji mdogo wa mkoa wa Yamagata ambao uhusiano wake na Tanzania ulianza tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Lengo lilikuwa kukuza maingiliano ya watu na kubadilishana uzoefu, basi. Habari ilipovuka bahari ikageuka sura. Chombo kimoja cha habari cha Tanzania kikaandika kana kwamba Japani imeutoa mji huo kwa Tanzania, na serikali ya Nigeria ikatoa taarifa ya viza maalumu ambayo baadaye ilibidi irekebishwe. Ndani ya Japani simu za hasira zikamiminika kwenye ofisi za miji hiyo, watu wakaandamana Tokyo, na tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango wote.

Waliofuatilia kisa hicho kutoka Afrika Mashariki walibaki na maswali mawili. Chama kimoja, LDP (Liberal Democratic Party), kimetawala Japani kwa sehemu kubwa ya miaka 70 iliyopita. Vipi serikali ya chama kilichokita mizizi namna hiyo itikiswe na simu za mwezi mmoja? Na nani hasa alikuwa anaamua, maana mpango ulipofutwa Waziri Mkuu Shigeru Ishiba alikuwa ameshatangaza kuondoka na mrithi wake hajapatikana? Ukitazama nyuma kidogo utata unazidi. Kati ya Septemba 2020 na Oktoba 2025 watu watano wamekalia kiti hicho: Shinzo Abe, Yoshihide Suga, Fumio Kishida, Ishiba na Sanae Takaichi. Chama ni kilekile.

Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayo mawili yanategemeana. Viongozi wanabadilika upesi kwa sababu chama hakibadiliki, na chama kinaweza kutobadilika kwa sababu viongozi wanabadilika upesi. Lakini wachunguzi wa Japani hawakubaliani juu ya sababu, na kila jibu lina wenyewe na lina mantiki yake. Inafaa kuyapitia yote kabla ya kuyapima.

Katiba inasemaje

Katiba ya Japani ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947, nchi ikiwa bado chini ya majeshi ya Marekani. Rasimu iliyokuwa msingi wake iliandikwa na maofisa wa Jenerali Douglas MacArthur kwa muda wa kama wiki moja, Februari 1946. Tangu ianze kazi haijabadilishwa hata neno moja, kwani mabadiliko yanataka theluthi mbili ya wabunge wote katika kila baraza, kisha kura ya maoni ya wananchi. Mfalme, ambaye sasa ni Naruhito, ni alama ya taifa, hatawali.

Mamlaka yako bungeni, yaani Kokkai, na Kokkai ina mabaraza mawili. Baraza la chini lina viti 465. Muhula wake ni miaka minne, ila waziri mkuu huweza kulivunja wakati anaoona unamfaa, na tangu katiba hiyo ianze ni mara moja tu, mwaka 1976, lilipoachwa limalize muhula wake. Baraza la juu lina viti 248, wajumbe wake hukaa miaka sita, na kila baada ya miaka mitatu nusu yao hurudi kwa wapiga kura. Hilo halivunjwi na mtu yeyote.

Msomaji aliyezoea rais anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi ashike jambo moja: Mjapani hapigi kura ya waziri mkuu. Anachagua mbunge, wabunge ndio humteua waziri mkuu, na mabaraza yakitofautiana neno la baraza la chini ndilo husimama. Ndivyo ilivyo pia kwa bajeti. Sheria za kawaida ni habari nyingine: baraza la juu likizikataa, la chini linahitaji theluthi mbili ili kuzipitisha. Kifungu hicho kinaonekana kidogo, lakini kimeshaangusha watu wazito.

Jibu la kwanza: wanaotawala ni watumishi wa wizara

Kasumigaseki ni mtaa wa Tokyo zilikojengwa wizara. Nagatacho, jirani yake, ndiko liliko bunge. Kwa miongo mingi walioisoma Japani walisema nguvu halisi iko Kasumigaseki. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kimarekani Chalmers Johnson alitoa kitabu kilichoeleza jinsi wizara ya biashara na viwanda ilivyouongoza uchumi baada ya vita, na hoja yake ikawa kama msahafu kwa waliomfuata. Ushahidi haukosekani. Sheria nyingi zinazopita bungeni huandikwa wizarani. Mawaziri hukaa mwaka mmoja au miwili wakahamishwa, ilhali ofisa amekaa miaka 30. Na ofisa huyo akistaafu, mara nyingi alipokelewa kwa cheo kizuri katika kampuni au taasisi aliyokuwa akiisimamia. Wajapani wanaita hali hiyo amakudari, kushuka kutoka mbinguni.

Nguvu ya jibu hili ni kwamba linaeleza utulivu: waziri mkuu anaondoka, treni zinafika kwa dakika ileile. Udhaifu wake ni kwamba linaielezea Japani ya jana. Baada ya uchumi kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, heshima ya wizara ilishuka pamoja nao. Mwaka 2001 wizara na mamlaka kuu zilipunguzwa kutoka 22 hadi 12 na ofisi ya baraza la mawaziri ikaongezewa nguvu. Mwaka 2014 uteuzi wa maofisa wa juu ulikusanywa chini ya idara moja iliyo karibu na waziri mkuu. Anayepita Kasumigaseki usiku wa manane wakati wa vikao vya bunge huona madirisha yanawaka. Ndani yake maofisa wanasubiri wabunge wa upinzani walete maswali ya kesho, ili wamwandikie waziri majibu kabla hakujapambazuka. Anayeishi hivyo ana ujuzi mwingi, lakini bwana wake yuko kwingine.

Jibu la pili: chama na kambi zake

LDP ilizaliwa Novemba 1955, vyama viwili vya kihafidhina vilipoungana mwezi mmoja baada ya Wasoshalisti kurudi kuwa kitu kimoja. Tangu hapo chama hicho kimetolewa madarakani mara mbili tu: kwa miezi kumi hivi kati ya 1993 na 1994, na kwa miaka mitatu kuanzia 2009. Mara ya kwanza kilirudi kwa kumkubali Msoshalisti, Tomiichi Murayama, awe waziri mkuu wa serikali ya mseto. Wanaume waliotukanana kwa miaka 38 wakagawana wizara.

Ndani ya chama kulikuwa na vyama vidogo visivyosajiliwa, habatsu, yaani kambi. Kila kambi ilikuwa na mkubwa wake, ofisi yake, mfuko wake na orodha yake ya wanaodai uwaziri. Mzizi wake ulikuwa mfumo wa zamani wa uchaguzi, ambapo jimbo moja lilitoa wabunge watatu hadi watano. LDP ilisimamisha wagombea kadhaa jimbo lilelile, nao wakashindana wao kwa wao. Chama hakingeweza kumsaidia mmoja dhidi ya mwenzake, hivyo msaada na fedha vilitoka kambini. Kiongozi alipochafuka, kambi nyingine ilitoa mtu wake. Mwaka 1974 Kakuei Tanaka, fundi wa barabara na reli kwa wapiga kura wake wa Niigata, aling'oka kwa kashfa za fedha. Chama kikamweka Takeo Miki, aliyesifika kwa mikono safi. Nchi iliona sura mpya na sera zenye rangi tofauti bila kuhitaji upinzani.

Chini ya kambi kuna kitu kigumu zaidi kukivunja. Wanasiasa wa Japani husema mgombea anahitaji "ban" tatu: jiban, ngome ya wapiga kura, kanban, ubao wa jina, na kaban, mkoba wa fedha. Vyote vitatu hurithiwa. Abe alikuwa mjukuu wa Nobusuke Kishi, Taro Aso ni mjukuu wa Shigeru Yoshida, Yasuo Fukuda ni mtoto wa Takeo Fukuda, wote mawaziri wakuu. Hata Yukio Hatoyama, aliyeuongoza upinzani kuing'oa LDP mwaka 2009, ni mjukuu wa Ichiro Hatoyama, rais wa kwanza wa LDP hiyohiyo.

Ngome hizo zinaonekana vizuri zaidi kwenye mchele. Wakulima wa mpunga na vyama vyao vya ushirika wamekuwa nguzo ya LDP vijijini, na kuanzia miaka ya 1970 hadi 2018 serikali iliratibu upunguzaji wa mashamba ya mpunga ili bei isianguke. Kisha kati ya 2024 na 2025 bei ya madukani ikapanda karibu mara mbili, mfuko wa kilo 5 ukavuka yen 4,000. Mei 2025, katika hafla ya kuchangisha fedha za chama huko Saga, waziri wa kilimo, Taku Eto, alisema hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humletea mwingi. Siku chache baadaye alikuwa nje ya baraza la mawaziri. Nafasi yake akapewa Shinjiro Koizumi, naye mtoto wa waziri mkuu wa zamani, akatoa mchele wa akiba ya serikali uuzwe kwa karibu nusu ya bei. Katika wiki moja ulionekana mfumo mzima: mbunge anayelishwa na ngome yake, mnunuzi wa mjini aliyesahauliwa, na mrithi wa jina kubwa anayeitwa kuzima moto.

Jibu hili linaeleza mengi kuliko yote manne. Linaeleza hata kwa nini mijadala ya bungeni huwa baridi: tangu miaka ya 1960 miswada hupitishwa kwanza na vikao vya chama, ambako desturi ni kukubaliana wote, na ikifika bungeni ubishi umekwisha. Ila nalo lina pengo. Mwishoni mwa 2023 ilifichuka kwamba kambi zilikuwa zikiwapangia wabunge idadi ya tiketi za hafla za kuuza, na ziada ikarudi mifukoni mwao bila kuandikwa vitabuni. Mwaka 2024 kambi nyingi zikavunjwa, ile ya Aso ikabaki. Kama kambi ndizo zilizokuwa zikiwaangusha mawaziri wakuu, basi Ishiba angedumu. Hakufikisha miezi 13.

Jibu la tatu: kanuni za uchaguzi

Mageuzi ya 1994 yaliyafuta majimbo ya wabunge wengi. Leo wabunge 289 wanatoka majimbo ya kiti kimoja na 176 wanatoka orodha za vyama kwa uwiano wa kura. Waliobuni mfumo huo walitarajia vyama viwili vikubwa vinavyopokezana. Ilitokea mwaka 2009, na haikuota mizizi.

Wanaoulaumu mfumo wana hesabu mkononi. Mwaka 2021 LDP ilipata takriban asilimia 48 ya kura za majimbo na kuchukua viti 187 kati ya 289. Katika kura za vyama ilipata chini ya asilimia 35. Upinzani uliogawanyika ulimpa mshindi zawadi jimbo baada ya jimbo, na hapa lawama zinawarudia wapinzani wenyewe. Mpiga kura wa Japani huandika kwa mkono wake jina la mgombea au chama, kwenye karatasi laini ya plastiki inayojikunjua yenyewe sandukuni ili wahesabuji wasipoteze muda. Mwaka huo vyama viwili vya upinzani, vyote vipande vya kile kilichotawala 2009, vilisajili kifupi kilekile, Minshuto. Kura zilizoandikwa neno hilo peke yake zikagawanywa baina yao kwa uwiano. Wapinzani walioshindwa hata kugawana jina walikuwa wakiomba wapewe nchi.

Kanuni nyingine humlinda aliyepo. Kampeni za baraza la chini huchukua siku 12, na kwenda nyumba kwa nyumba kumepigwa marufuku tangu 1925. Mgeni asiye na jina anabaki na gari la vipaza sauti likizunguka mitaani, kupunga mkono uliovaa glavu nyeupe, na kurudia jina lake mpaka sauti ikauke. Aliyerithi kanban hana haja hiyo.

Lakini kanuni hizi ndizo zilizokuwepo mwaka 2009, na wananchi walipoamua, walimtoa mkubwa. Kanuni zinapandisha ngazi ya kuukwea mlima. Haziondoi mlima wala haziondoi wapandaji.

Jibu la nne: ofisi ya waziri mkuu

Kuna wanaosema baada ya mageuzi ya 1994 na 2001 yote hayo ya juu yamepitwa, na kwamba waziri mkuu sasa ndiye anayetawala. Wana mifano miwili mizuri. Mwaka 2005 baraza la juu lilimkatalia Junichiro Koizumi ubinafsishaji wa posta. Akalivunja baraza la chini, akawanyima tiketi waasi wa chama chake, na LDP ikavuna viti 296. Baadaye Abe, aliyerudi Desemba 2012, akakaa mpaka 2020, muda mrefu kuliko waziri mkuu yeyote wa Japani, na mwaka 2014 akabadilisha tafsiri ya Ibara ya 9 ya katiba, inayokataa vita, ili jeshi liweze kumsaidia mshirika anayeshambuliwa. Hoja ina ukweli, ila inaegemea watu wawili. Zana zilezile waliachiwa Suga, Kishida na Ishiba.

Kuyapima: baraza linalokata fyuzi

Kwa maoni ya mwandishi, majibu yote manne yanalitazama baraza la chini na yanalisahau la juu. Angalia waliojiuzulu. Sosuke Uno, 1989. Ryutaro Hashimoto, 1998. Abe katika awamu yake ya kwanza, 2007. Ishiba, 2025. Wote wanne walitangaza kuondoka ndani ya miezi miwili hivi baada ya chama kuvunjwa mgongo katika uchaguzi wa baraza la juu, ingawa kwa Abe maradhi nayo yalichangia. Kikatiba baraza hilo halina uwezo wa kumwondoa waziri mkuu. Wapiga kura ndio waliolikabidhi kazi hiyo.

Mantiki yao haina kosa. Uchaguzi wa baraza la juu ni nafasi ya kukipiga chama kofi bila kukifukuza nyumbani. Unahusu nusu ya viti tu, serikali haianguki siku ileile, na majimbo 32 ya kiti kimoja, mengi ya vijijini, hutoa ujumbe mkali hata kwa mageuzi madogo ya kura. Chama nacho kinausoma ujumbe, kinambadilisha mkuu, na muda wa uchaguzi wa baraza la chini ukifika kinakuja na uso mpya. Waziri mkuu anafanya kazi ya fyuzi: umeme ukizidi anakatika yeye, nyumba inabaki.

Asiyesikia kofi hilo huona gharama yake bungeni. Baada ya 2007 baraza la juu lilishikwa na wapinzani, na Wajapani wakaliita bunge lililojisokota. Machi 2008 kiti cha gavana wa Benki Kuu kilibaki wazi kwa sababu majina yaliyopendekezwa yalikataliwa huko juu. Wapinzani walipochukua serikali mwaka 2009, waliangukia shimo lilelile: walipoteza wingi wa baraza la juu mwaka 2010, kisha tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vikaipiga Fukushima, wakabadilisha mawaziri wakuu watatu katika miaka mitatu. Waliojifunza somo kutokana na hayo ni wapiga kura, na somo lenyewe lilikuwa kwamba kubadilisha chama kunaumiza kuliko kubadilisha mtu.

Faida na gharama zake

Si haki kuudharau mpango huu. Umeipa Japani miongo ya amani ya ndani, madaraka yanayohama bila damu, na viongozi wanaoachia kiti kwa aibu ya kushindwa uchaguzi ambao kisheria haukuwahusu. Kuna nchi nyingi ambazo zingeutamani.

Gharama yake iko kwenye mambo yanayotaka miaka kumi. Deni la serikali limezidi mara mbili ya pato la taifa. Kodi ya matumizi, iliyoanza kwa asilimia 3 mwaka 1989, ilichukua miaka 30 kufika 10, na karibu kila aliyeigusa alilipa kisiasa. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wamevuka robo ya wananchi wote. Waziri mkuu anayehesabu miezi hawezi kumwambia mkulima, mzee na mwajiri ukweli unaowaumiza wote watatu. Na mpiga kura anachoka pia. Mwaka 2009 waliojitokeza walikuwa asilimia 69. Oktoba 2024 hawakufika 54. Hili la uchovu ndilo linalopaswa kuwatia wasiwasi marafiki wa Japani zaidi ya majina yanayobadilika Nagatacho, kwa sababu mpango mzima unategemea kofi, na kofi linahitaji mkono.

Kilichogeuka 2024 na 2025

Fyuzi hufanya kazi iwapo hasira inarudi kwenye chama kilekile ikiwa imepoa. Oktoba 2024 LDP ilishuka hadi viti 191, na pamoja na mshirika wake Komeito haikufikia 233 vinavyotakiwa. Julai 2025 wakapoteza na baraza la juu: walihitaji viti 50, wakapata 47. Safari hii kura za hasira zilikwenda kwa vyama vipya, kikiwemo Sanseito, kilichochukua viti 14 kwa wito wa Wajapani kwanza. Oktoba 2025, Takaichi alipochaguliwa kuongoza LDP, Komeito ilijitoa baada ya miaka 26 kwa kutoridhishwa na msimamo wa chama juu ya fedha za siasa. Takaichi akaelewana na chama cha Ishin, kilichokubali kumuunga mkono bila kuingia baraza la mawaziri, na tarehe 21 Oktoba akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani kwa kura 237, nne tu juu ya mstari. Mashauriano yaliyokuwa yakifanyika kati ya kambi, ndani ya jengo moja, yakahamia kati ya vyama, mbele ya kamera.

Hapo kisa cha Nagai kinaeleweka. Tangazo la JICA lilitoka mwezi mmoja baada ya chama cha Wajapani kwanza kuvuna viti vyake, na hasira zikiwa bado zinapanda waziri mkuu akatangaza kuondoka, wabunge wa LDP wakawa wanagombea kumrithi huku wakiogopa kupoteza wapiga kura wa mrengo wa kulia. Maofisa walikuwa na mpango ulioandikwa vizuri. Hawakuwa na mwanasiasa wa kuusimamia, na serikali ilipokanusha habari ile isiyo kweli simu hazikutulia. Tanzania, ukiacha kile chombo chake cha habari, haikuhusika katika ugomvi huo zaidi ya jina lake kutajwa.

Anayetaka kujua fyuzi inayofuata itakatika lini asiangalie sana ni nani anaitwa waziri mkuu, wala baraza la chini limevunjwa mara ngapi katikati. Aangalie mwaka 2028, nusu nyingine ya baraza la juu itakaporudi kwa wapiga kura, tarehe ambayo hakuna waziri mkuu anayeweza kuikwepa.